Kilo za Mabinti

Mwalimu Kudra wa Masaki, kule Kisarawe, alizunguka nyumba kwa nyumba kuwabembeleza akina mama wawaruhusu mabinti wacheze mieleka shuleni kama wavulana. Nilimkuta Mlandizi siku ya mashindano.

Wachezaji walipimwa uzito katikati ya uwanja, kwenye mizani ya korosho iliyoazimwa ghalani. Wavulana walipita bila kutangazwa kilo zao. Alipopanda binti wa kwanza, mshereheshaji Alfonce akashika kipaza sauti: "Kilo sitini na nane! Gunia limejaa hilo!" Wanaume wazima, wenye mvi kama zangu, wakacheka mpaka wakakohoa. Binti akashuka analia, wenzake wakaanza kukusanya mabegi yao. Na asiyepimwa hachezi.

Kudra akamfuata Alfonce, mwanamume mwenye kitambi.

"Kaka, panda na wewe tukutangaze."

"Aa, mwalimu! Mke wangu yuko pale!"

"Na hawa wameokotwa? Mama zao nimewaahidi mimi kwamba hawataaibishwa."

Alfonce akazima kipaza sauti. Mabinti wakapimwa nyuma ya kanga, Kudra kaishika mwenyewe, wakacheza. Wale waliocheka ndio waliopiga makofi kwa nguvu zaidi. Nilishindwa hata kuwatazama wazee wenzangu hao.