Filamu ya Derlis Isiyo na Maandishi

Derlis Ovelar alipofikisha miaka thelathini na mmoja, alikuwa ameshazungumza kwa mdomo wa dada yake kwa miaka ishirini na mitano. Katika mji wao mdogo wa Barrero hakuna aliyeliona hilo kuwa la ajabu. Derlis alizaliwa kabla ya wakati na akachelewa kuvuta pumzi, na tangu siku hiyo misuli yake ilikuwa na utashi wake. Mkono wa kulia ulijikunja kifuani, miguu haikukubali kumbeba, na maneno yalimtoka yamevutika, mwanzo wa neno moja ukiwa umeng'ang'ania mwisho wa jingine. Akili haikuguswa. Zunilda, aliyemtangulia kwa miaka minne, alikuwa ameanza kumwelewa hata kabla hajajua kusoma. Shuleni, kliniki, dukani, watu walimsikiliza Derlis kwa adabu, wakatikisa kichwa, kisha wakamgeukia dada.

"Anasemaje?"

Naye Zunilda aliwaambia. Mara nyingi aliwaambia kwa upole kuliko alivyosema Derlis mwenyewe. Derlis akisema, "Mwambie Mjomba Arsenio aache kunipapasa kichwa, mimi si mbwa," Zunilda alisema, "Anakushukuru kwa kuja, mjomba." Mjomba Arsenio alifurahi na kumpapasa tena.

Mama yao, Ña Eligia, yaani Bi Eligia, aliuza chipa, mikate midogo ya wanga wa muhogo na jibini. Aliamka jogoo hajawika, akakanda, akaoka, na kulipopambazuka alikuwa barabara kuu na kikapu kichwani, akipanda basi hili na kushukia lile, hadi jioni. Alimwelewa mwanawe katika mambo ya njaa, kiu, baridi na choo. Mazungumzo marefu yalipitia kwa Zuni. Haikuwa kwa kukosa upendo. Mwanamke yule alikuwa na saa mbili tu kwa siku za kukaa na watoto wake, na Zuni alifupisha mambo.

Derlis alijifunza kutengeneza filamu katika mafunzo ya miezi sita yaliyoletwa mjini na kijana wa mji mkuu, Asunción, aitwaye Fabrizio. Wenzake kumi na mmoja walirekodi harusi na mechi za mpira. Derlis alitaka kurekodi nyumba yao. Mkono wake ulitikisika, kwa hiyo alikwenda kwa Cirilo, fundi pikipiki wa mtaa wa pili, ili amchomelee mkono wa chuma wa kushikilia simu kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Nikuwekee na honi kabisa?" Cirilo aliuliza huku akipima.

"Weka," alisema Derlis.

Alirekodi miezi minne. Alirekodi kutoka urefu wa kiti chake, na hapo vitu vingi vilionekana vizuri kuliko walivyozoea wanaotembea: mikono ya mama ndani ya unga, mlango wa tanuri la udongo, pindo za magauni ya wateja, miguu ya mama jioni ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alihariri mwenyewe kwa kifundo cha kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Kazi ambayo Fabrizio angeimaliza kwa saa moja ilimchukua siku tatu, na hakumruhusu mtu kumsaidia hata mara moja. Jambo hilo alilijivunia waziwazi.

Mwishoni alimweka mama yake mbele ya tanuri kwa mahojiano. Kulikuwa na swali moja ambalo alikuwa amelibeba miaka kumi na tisa. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, mama alimketisha kwenye kibanda cha kituo cha basi ili amwangalie wakati Zuni yuko shule. Basi liliposimama, abiria mmoja aliuliza kupitia dirishani, "Una watoto wangapi, mwenzangu?" Ña Eligia akajibu, "Ninaye mmoja tu, binti." Derlis alikuwa hatua tano kutoka pale. Kwa wiki tatu alikataa kula chipa, na wakadhani ana minyoo.

Sasa, simu ikiwa inarekodi, alimuuliza. "Mama, kwa nini ulimwambia yule abiria una mtoto mmoja?"

Ña Eligia alimtazama, akakunja uso kwa kujitahidi, kisha akamgeukia binti yake kama kawaida.

"Anasemaje?"

Zunilda alimtazama Derlis, kisha mama. "Anauliza, siku za mvua ulikuwa unauzaje?"

"Ah, mvua," alisema Ña Eligia, uso ukamchangamka, akasimulia juu ya mvua kwa dakika sita.

Usiku ule ndugu hao wawili waligombana jikoni, kwa sauti ya chini.

"Nimekutafsiria maisha yangu yote," Zunilda alisema. "Leo unataka nimchome mama kisu mbele ya simu?"

"Nilitaka unitafsirie."

"Ana miaka sitini na nne, Derlis."

"Na mimi nina thelathini na mmoja. Sijawahi kuongea naye."

Zunilda aligeuka akaanza kupanga vyombo. Derlis aliona kwamba hakukusudia ubaya. Tangu utotoni alikuwa amesimama katikati ya watu wawili anaowapenda, akipokea mawe huku na kupitisha maua kule. Lakini uchungu wa Derlis haukupungua. Alitaka kitu kimoja, naye alimwambia dada yake bila kuficha: mama asikie swali lile kutoka kwake, kwa masikio yake, na ajibu.

Fabrizio alikuwa na njia nyepesi. "Weka maandishi chini ya picha," alisema. "Watu wasome. La sivyo dakika ya kwanza tu watakuwa wameshachoka, ndugu yangu. Nasema kwa faida yako."

"Ninazungumza Kiguarani," Derlis alisema, na Zunilda akatafsiri, safari hii neno kwa neno. "Watu wa Barrero wanazungumza Kiguarani. Maandishi ya nini?"

"Ili wakuelewe."

"Mama hasomi haraka. Atasoma neno la kwanza, picha imeshapita."

Fabrizio alikuna shingo. Hilo hakuwa amelifikiria.

Jibu lilipatikana gereji kwa Cirilo, saa ya tereré, chai baridi ya majani. Derlis alikuwa amekwenda peke yake kukaza bolti zilizolegea. Cirilo alimimina maji baridi juu ya majani, akanywa, akamimina tena na kumshikia Derlis mrija mdomoni. Walikuwa wakizungumza juu ya mkono wa chuma, juu ya bisibisi, juu ya mke wa Cirilo ambaye hataki mbwa ndani. Nusu saa ikapita ndipo Derlis alipogundua kwamba wanaongea bila Zuni.

"Cirilo. Unanielewa."

"Kwa nini nisikuelewe?"

"Zamani hukunielewa."

Cirilo aliwaza huku akinyonya mrija. "Zamani ulikuwa unanisemesha habari za siasa. Hapa unasema 'spana' na spana ninaiona. Unasema 'kaza' na bolti iko mbele yangu. Sikio likashika. Sasa hata siasa naona ninaielewa, bahati mbaya."

Derlis alirudi nyumbani akibonyeza honi kila kona. Alivunja mwanzo wa filamu yake na kuujenga upya. Dakika nane za kwanza sasa zilikuwa za kutengeneza chipa, na kila kitu alikitaja kwa sauti yake, picha ya kitu hicho ikiwa mbele ya macho. Wanga wa muhogo. Jibini. Mayai, moja, mbili, tatu. Mafuta ya nguruwe. Kanda. Tena, kanda. Jani la mgomba. Moto. Maneno ambayo kila mtu wa Barrero angeyakisia hata akiwa usingizini, na ambayo mama yake aliyajua kuliko sala. Baada ya hapo ndipo filamu ilianza kusema mambo ambayo picha haikuyasema. Mahojiano aliyaacha yalivyo: swali lake, sauti ya Zunilda, mvua.

Alimwonyesha dada yake kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Wakikuelewa," Zunilda alisema taratibu, "watanisikia nikidanganya. Mji mzima."

"Ndiyo."

"Na wasipokuelewa?"

"Watakuwa wametazama filamu ya mvua."

Zunilda aliitazama skrini iliyokwisha kuzima. "Shuka za kufunika madirisha ya ukumbi nitaleta mimi," alisema.

Ilionyeshwa Jumapili ya Matawi, baada ya usingizi wa mchana, katika ukumbi wa kamati ya mtaa. Watu walikuja na viti vyao na chupa zao za maji ya barafu, wengine na matawi waliyotoka kubarikiwa kanisani. Ña Eligia alikaa mstari wa mbele amevaa gauni la misa. Cirilo alisimamia projekta. Derlis alijiweka pembeni, mahali ambapo angeweza kuona nyuso.

Sauti yake ilipotoka kwenye spika kubwa, watu walijigeuzageuza vitini. Mtoto mmoja alicheka, akafinywa. Mjomba Arsenio aliinama kwa Zunilda.

"Anasemaje?"

"Tazama, mjomba."

"Natazama. Anasemaje?"

"Wewe tazama tu."

Wanga ukamiminwa. Yai likapasuka. "Yai," alisema bibi mmoja wa nyuma, kwa sauti ya mtu anayeokota kitu. Likaja la pili, wakawa watatu wanaolitaja. Likaja jibini, na Ña Deolinda, ambaye amekuwa akigombania wateja na Ña Eligia tangu barabara ile haijawekwa lami, hakuweza kujizuia.

"Jibini gani hilo? La kumpa panya?"

Wakati huohuo sauti ya Derlis kwenye spika ilisema, polepole, imevutika, "Hapa Ña Deolinda atasema jibini ni kidogo."

Kisha ukumbi wote ukapasuka kwa kicheko. Walicheka mpaka viti vikalia, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Deolinda mwenyewe, akijipiga mapaja na kusema, "Mshenzi huyu, mshenzi kabisa, ananijua." Hakuna aliyekuwa amemtafsiria mtu. Walipopata pumzi, waligeuka kumtafuta Derlis gizani, naye akawabonyezea honi.

Kuanzia hapo walisikiliza kwa namna nyingine. Yaliyowapita waliulizana wao kwa wao, na mwenye kushika akampa mwenzake. Derlis aliwasimulia juu ya baba aliyekwenda Buenos Aires kujenga nyumba za watu, akasahau yake, wakaguna. Aliwasimulia juu ya kichwa kinachopapaswa. Mjomba Arsenio alikaa wima kabisa na mikono yake akaiweka chini ya makalio.

Kisha tanuri likaonekana, na mama mbele yake.

"Mama," ilisema sauti, "kwa nini ulimwambia yule abiria una mtoto mmoja?"

"Anasemaje?" aliuliza Ña Eligia wa kwenye ukuta.

"Anauliza, siku za mvua ulikuwa unauzaje?"

Hakuna aliyecheka. Mama wa ukutani alianza kusimulia mvua kwa furaha, na kadiri alivyosimulia ndivyo ukumbi ulivyozidi kunyamaza. Zunilda alikuwa ameinamisha uso. Derlis hakumtazama mtu mwingine, alimtazama mama yake mstari wa mbele, na aliona mgongo wake ukinyooka kidogo kidogo.

"Cirilo," alisema Ña Eligia. "Simamisha hiyo."

Picha ikaganda. Alisimama, mwanamke mfupi mwenye shingo imara ya miaka arobaini ya kikapu, na hakumgeukia binti yake.

"Nilisema," mama alimwambia Derlis. "Ni kweli. Kila basi walikuwa wananiuliza, yule mtoto ana nini, nani kamroga, nilikula nini nikiwa na mimba. Siku ile miguu ilikuwa inaniuma na kikapu kimejaa. Nikasema ninaye mmoja, nikauza chipa mbili, basi likaondoka. Nikaenda nyuma ya kibanda nikatapika. Nilidhani umelala."

"Sikulala," Derlis alisema.

"Hukulala." Alirudia neno lile kama anayelipima uzito. "Sijasema hivyo tena kwa mtu yeyote. Ungeniuliza siku ile ile, ningekujibu vibaya. Leo nimekusikia mwenyewe. Nimesikia kila neno."

Alikohoa, akavuta gauni lake sawa mbele ya mji mzima. Alimtazama Zunilda. "Na wewe, futa uso. Umefanya kazi ya watu watatu tangu ukiwa na miaka kumi. Lakini pumzika sasa."

Kisha akamuuliza mwanawe, "Imebaki kiasi gani?"

"Dakika kumi na mbili."

Huko nyuma watu wawili watatu walikuwa wameanza kunyanyua viti vyao taratibu, wakidhani mambo yamegeuka kuwa ya familia. Ña Eligia aliwaona.

"Dakika kumi na mbili," aliwatangazia kwa sauti ileile ya kuuzia mabasini. "Kaeni. Mwanangu hajamaliza kusema."