Uji wa Mama

Juzi nilikwenda kumtazama dada yangu aliyejifungua. Harufu ya uji wa pilipili manga ikanirudisha alasiri moja chumbani kwetu Mkunazini, mdogo wangu alipokuwa kichanga.

Mama alikuwa kitandani, jasho linamchuruzika, na bibi kamsimamia na bakuli. "Unywe wote, mwanangu." Siku hizi najua mzazi hulishwa vile apate nguvu na maziwa. Mimi nilidhani anaadhibiwa kwa kutuletea mtoto mwenye makelele. Bibi alipotoka kufuata maji, nikalinyakua bakuli nikaugugumia uji. Koo likawaka moto, machozi yakanitoka.

"We mtoto! Unafanya nini?"

"Namsaidia mama. Msamehe, bibi, hatozaa tena!"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. "Huo ndio unaotia maziwa, mjukuu wangu. Sasa mwenzio atanyonya nini?"

Nikamtazama mdogo wangu kifuani kwa mama, mdomo wazi, analitafuta ziwa. Nikaangua kilio, nikiamini nshamuua kwa njaa.

Mama akanivuta kifuani, upande uliobaki wazi, akanifuta kamasi kwa kanga yake.

"Tia mwengine, mama," akamwambia bibi. "Nina watoto wawili miye."