Ghala la Dagaa na Watoto Arobaini na Mmoja

Mwalimu Veneranda aliposhuka kutoka Kalinzi kuja kufundisha chekechea mwaloni, alibeba vitu vitatu alivyoviamini kuliko watu: filimbi, daftari la mahudhurio na mwavuli. Mwavuli ulikuwa wa kujikinga na ziwa. Ndiyo, na ziwa. Mwanamke wa miaka arobaini na minne, amekulia kwenye migomba na mibuni, na maji yaliyozidi ndoo mbili yalimtia mashaka. Akitembea ufukweni aliufungua ule mwavuli upande wa maji, kana kwamba Tanganyika nzima ingemrukia siku asipoangalia. Watoto walimcheka. Yeye hakujali, aliwahesabu tu.

Mwalo wenyewe, yaani ufuko wanapotia nanga wavuvi, ni mdogo, uko kusini mwa Ujiji. Una vichanja vya kuanikia dagaa vilivyopangwa hadi karibu na maji, na nyuma yake ghala moja la matofali lenye bati jipya. Ghala hilo ni la kikundi cha wavuvi, na mwenyekiti wa kikundi ni Mzee Asumani, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Akina mama wa mwaloni walimganda miaka miwili wakitaka watoto wao wapate pa kusomea, kwa sababu shule ya karibu iko ng'ambo ya barabara kubwa ya malori. Mwishowe mzee alichoka kusumbuliwa, akakubali kuwaazima ghala.

Januari, siku ya kufungua, alikuja mwenyewe. Veneranda alimwamkia kwa Kiha kama alivyolelewa, akainama kidogo na kupiga makofi taratibu, "Mwakeye, mwakeye." Mzee Asumani si Muha, lakini miaka sitini na ushei katikati ya Waha inatosha kumfunza mtu adabu. Alikuwa na kufuli mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto. Akaviweka vyote chini mchangani, akapiga makofi, akaitikia salamu mpaka mwisho bila kuharakisha, ndipo akaviokota. Salamu ile haiitikiwi kwa mkono mmoja. Kwa hilo tu Veneranda akampenda.

Upendo ulidumu dakika moja.

"Mwalimu," alisema mzee, "kufuli hili naondoka nalo. Nimewapa mwaka. Nataka watoto thelathini humu, wasipungue. Nikiwa napita nikaona ghala linakaa bure, Desemba narudi nalo, nafunga. Mvua zikikolea sina pengine pa kuweka dagaa."

"Thelathini watakuwapo, mzee wangu," alisema Veneranda, na akaamini.

Na kweli, wiki ya kwanza walikuja thelathini na wanane. Aliwafundisha kupanga mstari kwa filimbi, kunawa mikono, na kuamkia wakubwa kwa makofi. Hilo la makofi alilishikilia sana. Mtu mzima hasimamishwi mlangoni bila kuamkiwa, aliwaambia, awe Muha, Mrundi, Mbembe au Mzungu aliyepotea njia. Watoto wakalipenda kwa sababu lina kelele. Niyokwizera, binti wa miaka mitano mwenye pengo mbele, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuanzisha makofi kila mgeni alipochungulia mlangoni, hata mgeni akiwa mbuzi.

Wiki iliyofuata wakaja tisa.

Veneranda alipuliza filimbi hadi mashavu yakamuuma. Tisa. Alipita nyumba kwa nyumba akakuta milango imefungwa. Wiki mbili baadaye, bila maelezo, wakarudi thelathini na sita, wamenona, wachangamfu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha wakapotea tena. Hivyo hivyo mwezi baada ya mwezi. Mwalimu alisingizia uji, akaagiza karanga ziongezwe. Akasingizia malaria, akahubiri vyandarua. Akasingizia ukali wake, akawa anatabasamu kutwa nzima mpaka watoto wakaanza kumwogopa.

Baya zaidi ni kwamba Mzee Asumani alikuwa na bahati ya ajabu. Hakupita hata mara moja darasa likiwa limejaa. Alipita siku za watoto tisa, siku za watoto saba, siku moja ya watoto wanne na mmoja wao amelala. Aliingiza kichwa dirishani, akahesabu kwa midomo, akasema, "Hmm," akaenda zake. Ile "hmm" ilimkosesha Veneranda usingizi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amepata kazi aliyoipenda kwa moyo wote, na alikuwa anaiona ikimponyoka huku akiwa ameshika daftari.

Katikati ya mwaka ziwa lilifungwa miezi mitatu, samaki wapate kuzaana, na uvuvi ukasimama. Darasa likafurika kila siku. Arobaini! Arobaini na mmoja! Veneranda alitembea kifua mbele, akawaambia ndugu zake Kalinzi kwenye simu kwamba wazazi hatimaye wameelewa maana ya elimu. Mzee Asumani hakuona lolote kati ya hayo, kwani miezi hiyo alikuwa Mwandiga akilima mihogo yake. Kisha ziwa likafunguliwa, mzee akarudi, na Jumatatu ile ile darasani wakawa watoto wanane.

Siku hiyo Veneranda alikaa jikoni kwa Siwema akalia waziwazi. Siwema ndiye aliyepika uji wa watoto asubuhi kabla ya kukimbilia vichanjani kwake, mama mcheshi mwenye mikono inayonuka dagaa hata sikukuu.

"Wananichukia, Siwema. Sema tu."

"Nani akuchukie, mwalimu?" Siwema alishangaa. "Si ni giza tu."

"Giza gani? Saa mbili asubuhi hii!"

Siwema akaweka mwiko chini. "Mwalimu, kwani huko Kalinzi hamna mwezi?"

Akamweleza huku akijizuia kucheka. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hazina nguvu mbele ya mwezi mkubwa. Mbalamwezi ikiingia, wavuvi hulala na akina mama hupumzika, ndipo watoto huja darasani. Mwezi ukifa, ndiyo siku zinazoitwa giza, maboti hurudi alfajiri yamejaa, kila mama yuko vichanjani akianika na kugeuza, na kila mtoto yuko pembeni yake akifukuza kunguru.

Veneranda akafungua daftari. Vema za waliokuja na mikwaju ya waliokosa ilipanda na kushuka ukurasa hadi ukurasa, wazi kabisa, kalenda nzima ya mwezi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe bila kuijua.

"Na Mzee Asumani?"

"Huyo? Mbalamwezi ikiingia tu anapanda mjini, Mwanga, kwa bi mdogo. Anarudi giza likianza. Darasa lako lililojaa hajaliona hata siku moja, masikini."

"Miezi minane! Mbona hamkuniambia?"

"Tulijua unajua, mwalimu. Nani asiyejua mwezi?"

Hapo Veneranda alicheka hadi akashika ukuta. Alicheka kwa hasira, kwa aibu, na kwa raha ya kujua kwamba hakuna aliyemchukia. Siwema naye akaachia kicheko alichokuwa amekibana, na uji ukaungua.

Asubuhi ya pili alipiga moyo konde. Alifungua mwavuli upande wa maji, akaenda moja kwa moja hadi kwenye vichanja, akapuliza filimbi. Vichwa vidogo vikachomoza kila upande. Wote walikuwapo, mkwaju hata mmoja haukuhitajika. Ubao ukaegemezwa kwenye boti bovu, sufuria la uji likaletwa, na darasa likaanza katikati ya harufu ya dagaa.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Watoto walipoimba irabu kwa makofi, a, e, i, o, u, kunguru waliruka wote kwa mpigo wakatua mbali juu ya miti. Kunguru wa mwalo ule walikuwa wamezoea mawe tangu mababu zao, lakini watoto arobaini wakipiga makofi pamoja hawakuwahi kuyaona hayo. Akina mama walishangilia. Tangu siku hiyo wao wenyewe waliomba masomo yenye kelele, na mwalimu akiuliza tano ongeza nne, jibu lilitoka vichanjani kabla watoto hawajafungua midomo. Siwema alikamatwa akiandika jina lake mchangani kwa kidole cha mguu, mikono yote miwili imejaa dagaa. Alilifuta haraka. Veneranda akamwambia aliandike tena, kubwa zaidi, na akaliandika.

Hata ziwa lilianza kusamehewa. Kufikia Oktoba mwavuli ulikuwa haufunguliwi tena, na siku moja yenye joto mwalimu alionekana amevua viatu, miguu ndani ya maji hadi kwenye vifundo, akipiga kelele kuliko watoto.

Mbalamwezi walisomea ghalani, giza wakasomea ufukweni. Daftari likajaa vema tupu. Veneranda alisubiri kwa hamu Mzee Asumani apite, na Novemba akapita. Alisimama mbali, akahesabu kwa midomo, muda mrefu.

"Darasa zuri," alisema.

"Asante, mzee wangu."

"Lakini umeshahamia nje. Sasa ghala la nini?" Akaelekeza kidole kwenye mawingu juu ya milima ya Kongo. "Mvua hizo. Desemba nakuja na kufuli."

Veneranda akamtazama akienda zake. Kila alilofanya ili asipoteze ghala ndilo lililokuwa linamnyang'anya. Siku za mbalamwezi mzee hatakuwapo aone, na siku za giza ataona ghala tupu. Mvua zikishika, watoto hawataweza kusomea nje hata kidogo, na hakukuwa na paa jingine. Alirudi nyumbani akashona majoho ya mahafali, huku mchozi huku uzi, kwa kitenge cha buluu walichochanga akina mama. Kofia zilitengenezwa kwa maboksi ya sabuni. Kama ni mwisho, alisema moyoni, basi watoto waumalize wamependeza.

Akapanga mahafali siku ya giza. Watu walidhani amesahau mwezi tena, wakamtania. Hakuwa amesahau. Alitaka mzee awepo.

Alfajiri ya siku hiyo maboti yalirudi yamelemewa. Akina mama walianika kwa kasi, wakanawa, wakavaa, na saa tatu watoto arobaini na mmoja walisimama mistari minne mbele ya vichanja, majoho ya buluu na maboksi kichwani. Risala ilikuwa imefika katikati tone la kwanza lilipoanguka. La pili likaangukia kofia ya Niyokwizera, puu.

"Dagaa!" alipiga kelele mtu.

Mahafali yakavunjika. Akina mama wakainua kanga, wakakwangua vichanja, wakajaza matenga, wakakimbia. Wageni waalikwa wakakimbia na matenga. Mwalimu akapuliza filimbi kwa nguvu zote, na watoto wakaingia ghalani kwa mstari kama walivyofunzwa Januari, bila hata mmoja kusukumana, wakakaa katikati kwenye mikeka. Matenga yakapangwa kuzunguka kuta, moja juu ya jingine, ya Siwema, ya majirani, na ya Mzee Asumani mwenyewe, yote. La mwisho lilipoingia, mbingu zilifunguka, mvua ikashuka yote kwa pamoja.

Na kila kitu kilikuwa kimeenea. Mkekani ilibaki hata nafasi ya sufuria la pilau.

Mzee Asumani ndiye aliyekuja wa mwisho. Alisimama mlangoni, ameloa chapachapa, kufuli mkononi. Aliwaangalia dagaa wake, wakavu, salama. Kisha macho yakashuka kwa watoto, na midomo yake ikaanza kuhesabu. Veneranda alisimama ukutani kati ya matenga mawili, filimbi mkononi.

Mtu mzima alikuwa amesimama mlangoni na hakuna aliyemwamkia. Niyokwizera hakuweza kuvumilia jambo kama hilo. Alisimama, akavuta kofia yake ya boksi iliyolowa, akainama kidogo, akaanza kupiga makofi.

"Mwakeye, babu."

Nyuma yake wakasimama arobaini. "Mwakeye, babu! Mwakeye!" Makofi yakajaa ghala, yakaishinda mvua iliyokuwa ikipiga bati.

Mwaka mzima mzee alikuwa amepita hapo, akichungulia dirishani na kwenda zake kabla ya makofi, na hakuwahi kuamkiwa na darasa hilo. Uso wake ulilegea. Akainua mikono kuitikia, akakumbuka kufuli. Chini kulikuwa na tope na maji. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwona mwalimu.

"Hebu nishikie," alisema.

Veneranda akalipokea. Mzee Asumani akapiga makofi kwa mikono miwili, akainama, akaitikia salamu mpaka mwisho, kisha akaanza upya kwa sababu watoto walianza upya. Alipomaliza alikaa mkekani kati ya Niyokwizera na sufuria, akaomba sahani.

Pilau ililiwa, vyeti vikatolewa, mvua ikaisha. Mzee Asumani akaaga, akatoka, akaenda zake akipungia watoto mkono. Kufuli hakulidai. Hadi leo liko mezani kwa mwalimu Veneranda, amelilaza juu ya daftari la mahudhurio ili upepo wa ziwa usifunue kurasa.