Mtu wa Jukwaa Namba Mbili Aliyeogopa Likizo

Saa mbili kasorobo asubuhi, na Apisai Waqanivalu haangalii sura ya mtu yeyote. Macho yake yako chini, kwenye viatu. Treni ya kwenda katikati ya jiji imesimama, watu wanashuka na kupanda kwa kusukumana, vikombe vya kahawa mkononi, naye anatembea kando ya mabehewa taratibu, bendera kaibana kwapani. Milango inafungwa. Anaikagua mmoja mmoja, kisha anamwinulia dereva mkono.

Dereva wa siku hizi halazimiki kuusubiri mkono huo. Taa ya kijani ya mlango inamtosha.

"Watu wakiniona nimeinama hivi wanadhani nimeangusha hela," anasema Apisai. "Natafuta kilichobanwa. Vitu vingi hubanwa huku chini."

Mfiji huyu wa miaka hamsini na minane amefanya kazi miaka kumi na tisa katika kituo cha chini ya ardhi cha Farrier Street, Sydney. Alipoanza, zamu moja ilikuwa na watu tisa. Sasa wako wawili: yeye jukwaani, na Despina Kallergis juu kwenye mageti ya kadi. Kazi za wale saba zimechukuliwa na kamera thelathini na nne, sauti iliyorekodiwa, na vitufe vya msaada vinavyomuunganisha abiria na mtu aliyeketi ofisini upande mwingine wa jiji.

Miaka miwili iliyopita wenye reli walitangaza kwamba hata nafasi ya jukwaani itaangaliwa upya. Milango ya treni mpya ina vitambuzi, kitu kikibanwa inafunguka yenyewe. Sasa mtu wa nini?

Tangu siku hiyo Apisai hakuchukua likizo hata siku moja.

Usimcheke, alikuwa na sababu zake. Wiki tatu za likizo zingewapa wakubwa jaribio la bure: jukwaa tupu, treni zinakuja na kwenda, hakuna lililoharibika. Angerudi na kukuta hana pa kurudi. Aliwahi kuja kazini na homa, Despina akamnunulia dawa na kumfukuza, lakini hakufukuzika. Siku zake za likizo zikarundikana hadi sabini na moja.

Aliyemuumiza roho ni mama yake, Bibi Titilia, mwenye miaka themanini na sita, anayeishi kwao Fiji, kisiwani Kadavu. Kila Jumapili kwenye simu swali lilikuwa hilo hilo: unakuja lini?

"Nilikuwa namdanganya mama yangu mzazi," anasema. "Namwambia kazi nyingi. Kazi nyingi gani? Woga tu. Mke wangu, Unaisi, akaniambia, wewe endelea kuilinda hiyo treni, mama anazeeka."

Tena anakiri jambo lililomtia aibu zaidi. Miezi ilivyopita bila tukio lolote, yeye mwenyewe alianza kujiuliza kama huenda wakubwa wanasema kweli.

Ndipo ikaja Jumanne moja ya mwezi wa tano. Bronwyn Hatch, mama asiyeona ambaye hupanda hapo kila siku kwenda kazini, alikuwa na mbwa wake mwongozaji, Wattle. Mbwa hutangulia, mwenyewe hufuata. Wattle akaingia. Bwana mmoja aliyekuwa karibu kupitiliza kituo chake akachomoka behewani mbio, akampiga Bronwyn kikumbo, akamrudisha nyuma hatua mbili. Milango ikafungwa. Mbwa ndani, mwenyewe nje, na mkanda wa ngozi wa kumshikia mbwa umepita katikati ya milango, umejizungusha kwenye mkono wa Bronwyn.

Mkanda ni kitu chembamba. Vitambuzi havikuuona, taa ikawaka kijani. Kwenye skrini ya dereva kulikuwa na mwanamke amesimama kando ya treni, basi.

Apisai aliuona mkanda akiwa mita ishirini. Alikunjua bendera nyekundu akakimbia, na kwa kitambi kile si mtu wa kukimbia. Treni ilikuwa imeshalia mlio wa kuondoka. Dereva akaiona bendera, akashika breki kabla gurudumu halijazunguka.

"Navuta mkanda, hauji," anasimulia Bronwyn. "Halafu nasikia sauti ya Apisai, 'Dada, usivute, treni haiendi popote.' Nikaacha kuvuta. Nilijua ni yeye. Kile kitufe cha msaada kingenijua saa ngapi?"

Milango ilipofunguka, Wattle alitoka na kuketi juu ya viatu vya mwenyewe. Apisai naye aliketi, sakafuni.

Bronwyn aliwaandikia wenye reli. Nao wakazitazama picha za kamera zao, mara nyingi, inasemekana. Barua yao ilifika mwezi wa nane. Apisai alimpa Despina amsomee: nafasi ya jukwaani inabaki, na mwenye zamu akiwa likizo, lazima mwingine asimame mahali pake. Apisai alimwomba asome tena hapo pa mwisho. Kisha akashusha pumzi ambayo Despina anasema ilikuwa ya miaka miwili, na wote wawili wakalia bila kuoneana haya.

Fomu ya likizo imeshatiwa saini. Ataondoka mwezi ujao, wiki tatu nzima.

Alimpigia mama yake jioni ya siku ile barua ilipofika, Jumatano. Bibi Titilia, aliyezoea simu ya Jumapili, akashtuka, akauliza ni nani aliyekufa.

"Nikamwambia, hakuna aliyekufa, mama. Nakuja. Akaniuliza, 'Na hao watu wako wa treni, umemwachia nani?'"

Alimjibu kwamba mtu wa kusimama mahali pake atakuwepo; na wiki hii Apisai anamfundisha huyo kutazama viatu.