Picha ya Mbele ya Duka la Bonge

Jina la Bonge hakupewa na adui. Alipewa na mama yake mzazi akiwa bado anatambaa, na mama alilitamka kwa mapenzi, huku akimfinya shavu. Shida ilianza pale watu wengine walipolichukua wakaligeuza fimbo. Shuleni lilimfuata mpaka kwenye dawati. Alipokua akaanza kujinunulia nguo, wauzaji walikuwa wanatikisa kichwa kabla hajafika kaunta: "Za kwako hatuna, dada." Hata kuulizwa anatafuta nini, haulizwi. Jamani, mtu anaingia dukani na hela yake halali, anatoka anatazama chini kama kakutwa anaiba.

Ndiyo maana akajifunza cherehani. Hakuna hadithi ndefu hapo. Alikosa nguo, akashona. Mama yao alipofariki, Bonge alikuwa msichana wa kuolewa na mdogo wake wa kiume alikuwa bado anavaa kaptula ya shule. Kuna bwana alikuja kuposa. Alipoambiwa kwamba bibi harusi anakuja na mtoto wa kulea, aliaga vizuri tu, akasema anakwenda kuwaambia wazee wake na atarudi. Mpaka leo yuko njiani. Bonge hakukaa kumngoja, alikuwa na ada ya shule ya kutafuta.

Na kushona alishona, si mchezo. Mafundi wengi wakipata mteja mnene huchukua kipimo cha mwembamba wakakipanua kila upande, kama gunia. Bonge alikata bega pale bega lilipo. Kwapani aliacha nafasi ya mkono kupita bila kuchubua. Wanawake wakubwa wakavaa magauni yake, wakageuka mbele ya kioo, wakageuka tena, na wengine wakatokwa na machozi pale pale kwenye chumba cha kujaribia, ambacho kilikuwa pazia tu na ndoano ukutani. Akawa anawapa kitambaa cha kufutia na kuwaambia wasimlowanishie gauni kabla hawajalilipia.

Mdogo wake alipomaliza chuo alirudi na kompyuta begani na neno moja mdomoni: mtandao. "Dada, wateja wako wako kila mahali, wewe unawangoja hapa mlangoni tu." Akatengeneza duka la mtandaoni, akaliita Bonge. Akamsimamisha dada yake kwenye ukuta mweupe wa karakana, ndani ya gauni la bluu, mkono kiunoni. Alimchekesha mpaka akacheka kweli, ndipo akapiga picha. Picha hiyo akaiweka ukurasa wa kwanza, kubwa, ya kujaza kioo chote cha simu.

Sasa hapo sikilizeni vizuri. Tangu azaliwe, mwili ule ulikuwa kitu cha kufichwa: kaa nyuma kwenye picha, dada, utatuziba, shika ukingo wa benchi. Kwa mara ya kwanza mtu aliutaka uonekane, tena mbele. Kila asubuhi, kabla hajakanyaga cherehani, Bonge alifungua ukurasa ule kwenye simu yake, akajiangalia, akaiweka simu chini, akaanza kazi. Kiburi? Haya, tuseme kiburi. Wangapi wanacho na hawajawahi hata kutunga uzi kwenye sindano?

Mdogo wake alijitengea pembe ya karakana kwa kizuizi cha ubao, akaweka meza, kiti na kompyuta. Mama mpiga pasi, rafiki wa Bonge wa miaka mingi, akambandika jina la Meneja, likamganda. Huko nyuma ya ubao Meneja alikuwa anasoma takwimu za wageni wa duka. Alimweleza dada yake kwamba ni sawa na kuweka mtu mlangoni aandike kila anayechungulia: katokea wapi, kashika nini, kakaa kiasi gani, kaondokea kona ipi. Na zilisaidia, tuseme ukweli. Ziliwaonyesha kwamba wageni wengi wanachagua gauni vizuri, wakifika kwenye jedwali la vipimo wanakimbia. Bonge akacheka. "Hawana tepu nyumbani. Na wengine wanayo, wanaogopa kujipima." Akatunga maelezo yeye mwenyewe: chukua kamba, zungusha hapa, usivute tumbo ndani, hakuna anayekuona. Meneja akayaweka, na waliokuwa wanakimbia wakaanza kubaki. Siku zile Bonge alizipenda takwimu. Alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye meza ya kukatia: "Meneja, leo wageni wanasemaje?"

Kisha Meneja akaoa. Wifi mtu alikuwa mwembamba, mpole, mwenye shingo ndefu na sauti ya chini. Ubaya hakuwa nao, na hilo lilimuudhi Bonge kidogo, maana wifi asiye na kasoro unamsema nini? Wakabaki kutaniana. "Wifi, upepo ukivuma shika mlango usije ukapeperushwa." "Mlango wa nini, wifi? Nitakushika wewe." Wakaelewana. Wifi alikaa kwenye kufunga mizigo na kupokea simu za wateja.

Mwaka wa pili wa ndoa ile, oda zikapanda ghafla. Cherehani mbili ziliongezwa, na mafundi wa kuzikanyaga, vitambaa vikaja kwa marobota, mama mpiga pasi akapewa pasi ya mvuke. Bonge alivimba kichwa, nani angemlaumu? "Si niliwaambia? Sura inauza." Alisema hivyo akikata, akasema na chai mkononi, akawasimulia mpaka waleta vitambaa. Mama mpiga pasi alikuwa anainamia pasi yake. Siku moja Bonge alimwonea wifi yake huruma, akamwambia, "Na wewe ukitaka nitakufundisha kusimama mbele ya kamera. Siri ni kutoogopa." Wifi akasema, "Asante, wifi," akachukua mizigo yake akatoka nje nayo, ingawa gari la kuibeba lilikuwa halijafika.

Basi akaja muuguzi. Alikuwa na gauni la bluu ndani ya mfuko, alilinunua mtandaoni, anataka lipunguzwe urefu. Mwanamke mkubwa, amechoka na zamu, viatu vyeupe vya kazini bado miguuni. Akauliza, "Mwenye duka yupo? Yule dada mwembamba."

"Mwenye duka ndiye mimi," Bonge akasema. "Mwembamba ni wifi yangu, anafunga mizigo."

"Hapana, yule wa kwenye picha."

"Wa kwenye picha ni mimi, mama. Gauni hilo hilo." Akatoa simu kwa furaha kabisa, akafungua ukurasa, akamwonyesha. Muuguzi akatazama picha, akamtazama Bonge, akatoa simu yake, akaiweka juu ya meza ya kukatia, karibu na ile nyingine.

Kwenye simu ya muuguzi alikuwa amesimama wifi. Ukuta ule ule mweupe, gauni lile lile la bluu, mkono kiunoni. Bonge aliinama. Jicho la fundi halidanganywi: gauni lilikuwa saizi yake yeye Bonge, limevutwa lote nyuma na kubanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo, mbele likakaa kama limezaliwa pale. Duka la wanene, gauni la mnene, jina la mnene, na ndani yake kawekwa mtu wa kilo za mtoto wa shule.

"Na ungeniona mimi," Bonge akamuuliza polepole, "ungelinunua?"

Muuguzi alikuwa mtu mwema. Akajibu kwamba angelinunua, bila shaka, kwa nini asilinunue. Alijibu akiangalia viatu vyake. Bonge alilipunguza gauni lile mwenyewe, akalikunja na kumrudishia, na hakumtoza kitu.

Muuguzi alipotoka, Bonge alimgeukia mama mpiga pasi. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na nani mwingine?"

"Sote, mwenzangu. Kila mtu mwenye simu."

"Nikisema sura inauza, mnanisikia, mnanyamaza."

"Ningekwambia nini? Ulikuwa na furaha."

Bonge akashika ukingo wa meza. Kumbe kule kuinamia pasi kote kulikuwa kumng'ong'a. Au kumhurumia, ambako hakuna nafuu. Akapita kwenye cherehani, na cherehani zote zikanyamaza, akaingia nyuma ya ubao.

Meneja alimwona usoni akajua. Akaanza kueleza haraka, kama alivyokuwa anaeleza akiwa mdogo na sahani imevunjika. Lilikuwa jaribio tu, dada. Maduka yote ya mtandaoni yanafanya. Kompyuta inawagawa wageni kwa mafungu mawili: fungu moja linaonyeshwa picha hii, fungu la pili picha ile, halafu unatazama wepi wanabaki na kununua. Hakuna ubaya. Hakuna aliyemchagua mtu. Ni wageni wenyewe wamechagua.

"Kwa hiyo nusu wananiona mimi," Bonge akasema. Alikuwa tayari kuikubali nusu. Aliishika ile nusu kwa mikono miwili. "Nusu si haba. Ila ungeniambia."

Meneja akakuna shingo. "Jaribio liliisha, dada."

"Liliisha lini?"

"Kabla oda hazijapanda. Picha iliyoshinda ndiyo iliyozipandisha."

Pasi ya mvuke ilisikika ikipumua upande wa pili wa ubao. Bonge akavuta kigoda akakaa.

"Kama liliisha, mbona mimi bado najiona? Asubuhi hii nimejiona."

"Simu yako niliiacha."

"Umeiacha vipi?"

"Niliiambia kompyuta, simu hii ikija, ipewe picha ya zamani." Alisema akiigusa meza kwa kidole, anachora kitu kisichoonekana. "Sikutaka uumie. Nilijua unafungua kila siku."

Maskini wa Mungu, alidhani amefanya wema. Mtoto aliyelelewa kwa mgongo wa mtu, akasomeshwa kwa macho ya mtu kwenye taa hafifu, malipo yake ni kumvisha mlezi kilemba cha ukoka na kumwacha atembee nacho mbele za watu mwaka mzima. Angemfukuza kwenye picha waziwazi, wangegombana, wangelia, yangeisha. Huyu alimjengea duka la uongo, dogo la kutosha simu moja.

"Nionyeshe," Bonge akasema.

"Dada, haina haja."

"Nionyeshe hizo takwimu. Si ulinifundisha kuzisoma?"

Akaigeuza kompyuta. Palikuwa na mistari miwili. Mmoja ulipanda mpaka karibu utoke nje ya kioo. Huo haukuhitaji maelezo. Wa pili ulilala chini kabisa, umenyooka. Bonge akavaa miwani ya kutungia uzi akasogea.

"Huu wa chini ndio wangu?"

"Ndio."

"Haujafa. Una mtu." Akasoma kwa kidole, kama anavyosoma vipimo. "Mgeni mmoja. Anakuja kila asubuhi. Anakaa kidogo, anaondoka. Hajawahi kununua kitu." Akavua miwani. "Huyu ni nani?"

Jibu lilikwisha kumfika Bonge kabla swali halijamtoka lote mdomoni. Aliona aibu kuliko ya dukani kwa watu, kuliko ya shuleni, kwa sababu kule walimkataa watu baki. Na kilichomchoma zaidi, hakuweza kusema takwimu zinadanganya. Zile zile zilizojua kwamba wanawake wanaogopa tepu ndizo zilizojua kwamba wanawake wa umbo lake hawataki kumwona wa umbo lake. Hata muuguzi. Pengine hata yeye mwenyewe, enzi zile anazunguka madukani, angemwangalia mnene kwenye picha akapita.

"Nitoe," akasema.

"Dada..."

"Simu yangu iwe kama za wengine. Nitoe sasa hivi, niko hapa."

Meneja akabonyeza mara chache. Wifi alikuwa amekuja kusimama kwenye mwanya wa ubao, kashika utepe wa kufungia mizigo, macho yamejaa maji. Alitaka kusema kitu na Bonge akamwinulia mkono asiseme. Akafungua simu yake. Ukurasa ukaja na shingo ndefu na gauni la bluu. Akaitazama picha ile kwa muda, ukosi, bega, kwapa. Kazi yake. Imekatwa sawasawa.

"Na huo mstari wa chini?" akauliza. "Sasa unasemaje?"

"Hakuna mtu," Meneja akasema.

"Ufute basi. Unachafua kioo."

Aliinuka, akapangusa nyuzi kwenye sketi, akachukua mkoba wake ingawa saa za kazi zilikuwa bado nyingi. Meneja akamfuata mpaka mlangoni, mtu mzima na ndevu zake, sauti imemrudi ya utoto. "Kesho utakuja, dada?"

"Nitakuja," Bonge akasema. "Nani atawakatia?"