Kitambi cha Baba

Kwa miaka thelathini na minne ya kazi, mwashi mmoja alikuwa na kanuni ambayo hakuivunja: hakuacha ukuta uliopinda. Aliwahi kubomoa ukuta wa darasa ambao mwalimu mkuu alikwisha kuupokea na kuusifu, kwa sababu timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni ambayo waashi hupimia wima, ilimwonyesha kasoro ya upana wa kidole kimoja. Mwalimu mkuu alimwambia hakuna atakayeiona. Akajibu, "Mimi nimeshaiona." Tangu siku hiyo watu wakamwita Timazi, na vibarua wake wakawa na mzaha wao: ukikaa upande mbele yake, atakubomoa.

Ni kanuni nzuri, na wangekuwa nayo mafundi wengi zaidi, watu wengi wangelala kwa amani. Siandiki haya kwa kuidharau. Naandika kwa sababu niliona ilipomfikisha.

Alipostaafu alikuwa na miaka sitini na mmoja, amefiwa na mkewe, na watoto wake walikuwa na maisha yao mjini. Akarudi shamba, kwenye nyumba aliyoijenga baba yake. Humo alikuwa akiishi dada yake mkubwa, peke yake. Dada huyu alipofuka kwa ugonjwa wa macho akiwa na miaka kumi na minane. Mwaka uliofuata mama yao alifariki, na ni yeye aliyemlea Timazi: alimpikia, alimfulia sare za shule, na jioni alimketisha asome kwa sauti ili ajue kama kweli anasoma au anageuza kurasa tu.

Baba yao hakuwa fundi. Alijenga kwa mawe na udongo, kwa kukisia. Sakafu ya sebule ilishuka kuelekea mlango wa nyuma. Mlango wa chumba cha dada uliburuza sakafuni ukanguruma. Kizingiti cha jikoni kilikuwa kimelika katikati kama bakuli. Na kwenye korido ukuta wa kushoto ulitokeza, usawa wa nyonga, kama tumbo la mtu aliyeshiba. Dada alikiita kitambi cha baba. "Baba alikuwa mwembamba kama ufito," alikuwa akiwaambia wageni. "Kitambi chake alikiacha ukutani."

Ndani ya nyumba ile dada hakutumia fimbo. Fimbo ilikuwa ya njiani. Miguu ikimwambia anashuka, alijua anaelekea uani. Nyonga ikigusa kitambi, alijua zimebaki hatua mbili afike jikoni. Unyayo ukitua kwenye lile bakuli la kizingiti, alijua yuko katikati ya mlango na hatajigonga. Alipika mwenyewe, akapakua mwenyewe, na mgeni akija alimletea chai kwenye sinia, vikombe vimejaa mpaka ukingoni. Jirani yake, mama mmoja mshonaji, alikuwa akisema kwamba chai ya mwenye macho hufika nusu iko kwenye kisahani, ila ya huyu hufika yote.

Siku aliyofika, Timazi alitundika timazi yake ukutani kabla hata ya kunywa maji. Alizunguka nyumba nzima akiguna.

"Dada, umeishije humu?"

"Kwa miguu yangu," dada akajibu. "Wewe unaguna nini? Au ndiyo umeshaanza kuzeeka?"

"Nataka niijenge upya. Nimewajengea watu maisha yangu yote, wewe unalala kwenye pango."

Hapo alikuwa akisema kweli, na lazima tumpe haki yake. Alitaka kumpa dada kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya.

"Bati badilisha, mdogo wangu," dada akasema. "Linanivujia kitandani. Madirisha nayo, mchwa wameyala. Ila kitambi cha baba kiache. Na pale mlangoni jikoni usiguse."

"Ule ukuta ni aibu, dada. Aibu kwangu mimi, fundi."

"Aibu gani? Mimi mbona siuoni?"

Wakacheka wote wawili. Kisha Timazi akasema, "Nitaangalia."

Mtu anayejibu "nitaangalia" mara nyingi ameshaamua, ila hana moyo wa kutamka. Hakudanganya, lakini hakusema kweli pia, na dada, aliyemfahamu tangu utotoni, safari hii alimwamini.

Kazi ilichukua miezi mitatu. Dada alihamia kwa mshonaji, ng'ambo ya njia, akawa anasikia nyundo na kuuliza leo wamefika wapi. Siku moja mshonaji alivuka kupeleka chakula, akamkuta Timazi na sululu kwenye korido, kitambi kimeshageuka kifusi.

"Fundi, si alikwambia hicho ukiache?"

"Mama, siwezi kufa nimeacha kitu kile nyumbani kwa dada yangu. Akikutana na ukuta ulionyooka atanishukuru."

"Atakutana nao wapi, naye haoni?"

"Kwa mkono," Timazi akasema, akaendelea kuchimba. Jioni ile dada alipouliza wamefika wapi, mshonaji alimtajia bati tu.

Kizingiti alikijaza saruji, akakiinua. Sakafu aliisawazisha mpaka ukiweka gololi haiendi popote. Mlango wa chumba aliuranda ukawa unafunguka bila sauti. Plasta aliipiga mwenyewe, hakumwachia kibarua, na rangi akaipaka mara tatu.

Asubuhi ya kurudi, mshonaji alimshika dada mkono mpaka mlangoni. Pale dada akajitoa. "Niache sasa. Nimefika kwangu."

Akaegemeza fimbo mlangoni kama kawaida, akavuka sebule, akapeleka mkono kwenye ukuta wa korido. Akatembea. Mkono uliteleza kwenye plasta laini, ukateleza, ukateleza, hadi paji la uso likagonga mlango wa stoo, mwisho kabisa wa korido. Jikoni, upande wa kulia, alikuwa amekupita. Akapapasa huku na huku.

"Hii nyumba ya nani?" akauliza.

"Yako, dada," Timazi akasema nyuma yake. "Imenyooka yote sasa."

"Haya. Basi nipeleke kwangu."

Hakumgombeza. Ingekuwa nafuu kama angemgombeza.

Timazi alimfundisha kuhesabu: hatua saba kutoka sebuleni hadi jikoni, tano kutoka chumbani. Dada alijitahidi. Lakini aliyezoea nyumba kuongea na mwili wake alikuwa sasa anatembea na hesabu kichwani, na akisemeshwa, hesabu inapotea. Wiki ya pili mtu alibisha hodi wakati dada anaingia jikoni. Akaitikia, akasahau amefika ya ngapi, na kidole cha mguu kikajikwaa kwenye kizingiti kipya. Alianguka, akavunjika mkono. Alipotolewa plasta ya hospitali, alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la sebule, na kiti kile kikawa nyumba yake.

Mshonaji aliendelea kuja. Chai sasa aliileta Timazi. Siku moja dada aligusa kisahani, akakuta kimelowa.

"Leo chai imeletwa na mwenye macho," akasema. Mshonaji alicheka kidogo, kisha akatazama dirishani. Timazi alirudi jikoni.

Wiki hiyo alikoroga udongo na saruji, akaanza kujenga kitambi. Katika maisha yake hakuwahi kupindisha kitu kwa makusudi. Alipomaliza alimwongoza dada kwenye korido.

Dada akaegemeza nyonga. "Kiko chini."

Akakivunja, akajenga kingine. "Hiki kimesogea karibu na sebule." Akakivunja hicho pia. Cha tatu kilikuwa kikali, hakikuwa na ule mteremko wa taratibu. Hapo ndipo Timazi alipokaa sakafuni katikati ya vifusi. Alikuwa mtu wa kupima. Alipima milango, alipima madirisha, alipima mpaka nafasi ya msumari. Kitambi cha baba hakukipima kabla ya kukivunja, kwa sababu machoni pake kilikuwa kosa, na kosa halipimwi. Hakujua kilikuwa na kimo gani wala kilianzia wapi. Aliyejua ni dada tu, na yeye alikijua kwa nyonga, asingeweza kumwonyesha kwa rula.

Cha nne dada alikipapasa kwa muda mrefu. "Hiki ndicho," akasema. "Kiache hivyo, mdogo wangu. Pumzika."

Lakini hakujaribu kutembea; akaomba kurudishwa kwenye kiti.

Simlaumu kwa kupenda ukuta ulionyooka. Namlaumu kwa sababu mwenye nyumba alimwomba jambo moja, kwa maneno mepesi, naye akaona anajua zaidi.

Dada alifariki mwaka mmoja na miezi minane baada ya kurudi. Timazi bado anaishi mle, na kitambi cha nne bado kipo. Katika nyumba iliyopinda, dada yake alitembea peke yake miaka hamsini na mitatu. Tangu aanguke kwenye kizingiti kipya hadi alipokufa, hakuvuka mlango hata mmoja bila kushikwa mkono.