Maneno ya Mama Zaituni

Kaa, mwanangu. Usiniambie una haraka, haraka yako naijua, ndiyo iliyonifanya nikuite. Ripoti uliyoniachia juzi hapa mezani imenikosesha raha siku mbili nzima. Nikipika chai naiwaza, nikisali naiwaza, Mungu anisamehe. Kabla sijakuambia nilichokiona ndani yake, nisikilize kidogo.

Nakumbuka Alhamisi moja kule Jinja, nilipokuwa msichana wa chuo, mwaka wa mwisho. Baba yangu, aliyekuwa na duka la vitambaa hapa Mbale, alikwisha watangazia watu wote msikitini kwamba binti yake anamaliza. Nilibakiza kitu kimoja tu: ripoti ya utafiti. Tulitakiwa twende Walukuba, tukae na kina mama wanaouza mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, tuwaulize wanavyowakausha. Kabla ya hapo mkutubi wetu, Madamu Zaituni, alitufundisha maktabani kwa wiki mbili jinsi ya kuifuata habari mpaka ilikotoka: nani kasema, kasema lini, na yeye amejuaje. Mimi nilikuwa nikiandika jina kwenye karatasi ya mahudhurio, halafu natoroka. Nilijiona mjanja kweli!

Walukuba sikwenda. Nilijitetea kwamba jua ni kali, na wale kina mama hawana muda wa kupiga soga na wanafunzi. Jirani na chumba nilichopanga Mafubira palikuwa na duka la kuchapa, na dada mchapaji alihifadhi kwenye kompyuta yake ripoti za wanafunzi wa miaka yote. Karibu sote tulifanya hivyo. Unachagua moja, unabadilisha jina na tarehe, inatoka na jalada jipya. Nilichagua yenye mahojiano marefu. Mmoja wa waliohojiwa aliitwa Mama Zaituni, na jina hilo halikunishtua hata kidogo. Kina Mama Zaituni wamejaa Jinja nzima.

Sasa hiyo Alhamisi Madamu akaniita maktabani. Ripoti zote zilipitia kwake kwanza.

"Huyu Mama Zaituni wa Walukuba," akasema, "uliongea naye wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Madamu."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Alinikaribisha vizuri sana, hata chai alinipa."

Ee Mola wangu! Nani alinituma niongeze ile chai? Madamu alivua miwani, akaiweka mezani polepole.

"Huyo ni mama yangu," akasema. "Tulimzika mwaka juzi."

Nilipiga magoti palepale sakafuni. Hakunitazama. Alikwenda kwenye rafu ya ripoti za zamani, akarudi na moja iliyochakaa, ya mwanafunzi aliyekaa kweli na yule mama. Akanifungulia ukurasa nisome. Mama alisema hawaaniki mukene chini mchangani, anawaweka juu ya wavu, kwa kuwa watakaoliwa na watoto wa watu lazima wawe safi. Kwenye ripoti yangu alisema anawaanika mchangani na hajali. Mwanafunzi mmoja hapo katikati, aliyenakili kabla yangu, aliyageuza maneno yake ili yaendane na hoja zake, nami nikayachukua hivyohivyo.

"Mama yangu alikuwa hashiki chakula kabla ya kunawa," Madamu akasema. "Umemwandika mchafu, na hayupo wa kujibu. Inuka. Nenda Walukuba. Ukirudi ndipo nitajua kama nikupeleke kwa mkuu wa chuo."

Heri angenipiga, mwanangu. Majuma yaliyofuata sikutulia hata dakika moja. Nikikaa nasimama, nikisikia jina langu likiitwa najificha. Kule Walukuba kina mama waliponiuliza nimefuata nini, niliona haya kusema. Lakini walimkumbuka. Walinionyesha nyavu, zimetandazwa juu ya vigingi kama alivyowafundisha. Niliandika upya ripoti yote, na Madamu akaipitia na penseli mkononi, kila mstari akiniuliza, "Hii umeipata wapi?" Hakunipeleka kwa mkuu wa chuo. Lakini wenzangu walikwisha vaa majoho bila mimi, na baba aliulizwa msikitini mwaka mzima, "Binti vipi?" Mpaka leo hilo linaniuma.

Haya, sasa ripoti yako. Mimi ndiye mkutubi sasa, na hiyo penseli ninayo. Kile kitabu ulichokitaja ukurasa wa tisa nimekitafuta hapa Mbale, nikapiga simu Jinja, nikauliza na kwingine. Hakuna. Usiiname, nitazame. Hiyo akili bandia ya kwenye simu yako ndiyo iliyokuandikia, sivyo? Mwandishi uliyemtaja yupo, ni mzee anayefundisha mpaka leo. Nimempata. Anasema kitabu hicho hajakiandika, na maneno uliyomwekea ni kinyume cha yote aliyoyasimamia maisha yake. Yeye kidogo ana bahati kuliko Mama Zaituni, kwa sababu bado anaweza kujibu.

Basi nakuusia. Simu iulize njia ukitaka, lakini usiishie kwake. Nenda mpaka kwenye kitabu chenyewe, ukifungue kwa mikono yako. Nenda kwa mtu mwenyewe, umsikie. Usipopata, andika kwamba hukupata, hiyo si aibu. Na usimtie mtu maneno mdomoni, awe hai au amekufa, kwa sababu jina lake ni mali ya watoto wake.

Siku ya kuwasilisha ni Jumatatu ijayo. Leo Jumanne, na rafu ziko wazi. Nenda, mwanangu. Mungu akulainishie njia, awape wazazi wako furaha niliyomnyima baba yangu, na siku utakapoulizwa, "Hii umeipata wapi?" akujalie ujibu bila kutetemeka.